Kurina Asali na Kuyeyusha Nta kwa Mfugaji wa Mizinga Michache

Mtu mwenye mzinga mmoja au miwili huwa na hamu kubwa ya kuonja asali yake ya kwanza, na mara nyingi hamu hiyo ndiyo inayomfanya arine mapema mno. Nekta, yaani maji matamu ya maua, inapofikishwa mzingani huwa na maji mengi. Nyuki huipepea kwa mbawa zao hadi maji yapungue, kisha huziba kila kijumba kwa utando mwembamba wa nta, na utando huo ndio ishara ya kuaminika kwamba asali imeiva. Sisi hushauri lirinwe sega ambalo angalau robo tatu ya vijumba vyake vimezibwa, kwa kuwa asali yenye maji yanayozidi asilimia 20 huweza kuchachuka ikiwa ndani ya chupa, nayo ikishachachuka hairudi tena katika hali yake.

Masega yenye majana, yaani watoto wa nyuki, yaachwe mahali pake, na nyuki wabakiziwe akiba itakayowavusha msimu usio na maua. Moshi wa kutuliza nyuki nao uwe wa baridi na wa kiasi, kwani ukizidi huiachia asali harufu isiyotoka.

Kwa kuwa asali hunyonya unyevu hewani, vyombo na chujio viwe vikavu kabisa, na kazi ifanyike ndani ya chumba kilichofungwa, ama sivyo nyuki wa mizinga mingine watavamia kupora. Asali ikiganda baadaye, isidhaniwe kuwa imetiwa sukari. Chupa iwekwe katika maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 40 za Selsiasi, nayo italainika polepole. Mtoto aliye chini ya miezi 12 asipewe asali hata kidogo, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za bakteria wanaosababisha ugonjwa wa botulizimu, ambao unaweza kumuua.

Nta ndiyo hutupwa zaidi, jambo linalotusikitisha, kwani nyuki hula kilo kadhaa za asali ili watengeneze kilo moja tu ya nta. Masega yaliyokamuliwa yaoshwe, yafungwe ndani ya kitambaa chepesi, yazamishwe katika sufuria ya maji na kupashwa kwa moto mdogo. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi, hupenya kitambaa na kuelea. Isiyeyushwe kamwe juu ya moto bila maji, maana mvuke wake hushika moto kwa ghafla, na sufuria isiwe ya chuma kinachoshika kutu wala ya shaba, kwa kuwa vyote viwili huibadilisha rangi. Ikiachwa ipoe taratibu usiku kucha, hupatikana bamba gumu ambalo uchafu umetuama upande wake wa chini, na uchafu huo hukwanguliwa kwa kisu. Masega meusi ya zamani hutoa nta kidogo yenye rangi nzito, hivyo yayeyushwe peke yake, tena mapema, kabla nondo wa nta hawajataga mayai ndani yake.