Je, wajua kwa nini umeme ukikatika katikati ya muamala pesa yako haipotei?

Anayemlipa muuza vitunguu pale soko la Kilombero, Arusha, huona jambo moja tu: ametuma shilingi 50,000, ujumbe umeingia, mzigo unapakiwa. Ndani ya kompyuta za benki yametokea mambo mawili. Salio la mnunuzi limepunguzwa, kisha salio la muuzaji limeongezwa. Katikati yake kuna mwanya, mfupi mno lakini upo. Kompyuta ikizimika ndani ya mwanya huo, 50,000 imeshatoka kwa mmoja na haijafika kwa mwingine. Iko wapi?

Nazungumzia umeme wa kule kompyuta ziliko, si wa sokoni. Kule kuna betri kubwa na jenereta, na hata hivyo iko siku betri inagoma, fundi anachomoa waya usio wake, au programu yenyewe inaganda. Kompyuta ikiwaka tena, memori yake ni tupu. Haikumbuki ilikuwa inafanya nini. Kuhakikisha kwamba hata hapo hakuna shilingi iliyopotea ni kazi ya msimamizi wa kanzidata (programu inayotunza na kupanga data kama salio za wateja), na kwangu mimi ni moja ya kazi nzito ambazo wengi hawajui kama zipo.

Jibu lenyewe ni hili: kanzidata haibadilishi salio kwenye diski kabla ya kuandika mahali pengine inachotaka kufanya. Mahali hapo ni faili la pembeni ambalo mafundi huliita logi. Tuseme mnunuzi ana 180,000 na muuzaji ana 40,000. Kwa maneno ya kawaida, logi itasomeka hivi:

Muamala 7731 umeanza.
Salio la mnunuzi: lilikuwa 180,000, sasa 130,000.
Salio la muuzaji: lilikuwa 40,000, sasa 90,000.
Muamala 7731 umethibitishwa.

Tazama mistari ya katikati. Kila mmoja umebeba namba mbili, ya zamani na mpya, na hapo ndipo penye siri yote. Umeme ukikatika baada ya mstari wa pili, kanzidata ikiwaka itasoma logi, itaona 7731 ulianza lakini haukuthibitishwa, itachukua namba ya zamani na kumrudishia mnunuzi 180,000 yake. Ukikatika baada ya mstari wa nne, hata kama salio jipya lenyewe halijaandikwa kwenye diski, kanzidata itachukua namba mpya na kumalizia kazi. Ama muamala wote umefanyika, ama haukufanyika kabisa. Na ule ujumbe wa "umefanikiwa" haupaswi kutoka mpaka mstari wa nne uwe umetua kwenye diski, si kwenye memori.

Mtu atauliza: kuandika mara mbili si kunachelewesha? Kinyume chake, kunaharakisha. Salio za wateja zimetawanyika kwenye diski, huyu huku na yule kule, na kuzifuata moja moja kunachukua muda. Logi huandikwa mwishoni tu, mstari baada ya mstari, na mistari ya miamala mingi inaweza kushushwa kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo kanzidata huandika logi papo hapo, na salio zenyewe huzipeleka kwenye diski baadaye, taratibu.

Hapa kuna mtego ambao ningependa kila kijana anayejifunza kazi hii aujue mapema. Baadhi ya diski husema "nimeandika" wakati data bado iko kwenye memori yao ndogo ya ndani. Umeme ukikatika hapo, logi uliyoitegemea haipo. Ndiyo maana hifadhi za benki huwa na betri zake za kulinda memori hiyo, na ndiyo maana kuendesha mfumo wa pesa kwenye kompyuta ya dukani yenye diski ya kawaida ni hatari ambayo watu hawaioni mpaka siku yenyewe ifike.

Mengi ya haya yalizaliwa kwenye zile kompyuta kubwa ziitwazo meinifremu. Tarehe 7 Aprili 1964 kampuni ya kompyuta ya IBM ilitangaza System/360, ukoo wa mashine ambao programu zake ziliweza kuhama kutoka mashine ndogo hadi kubwa bila kuandikwa upya. Miaka minne baadaye, Agosti 1968, ikawashwa IMS, kanzidata iliyotengenezwa kusaidia kufuatilia vipuri vya roketi ya Saturn V katika mradi wa Apollo wa kumpeleka mtu mwezini. Mwaka 1970 Edgar Codd, mtafiti wa IBM, akapendekeza data ipangwe katika majedwali yanayoulizwa kwa hesabu za mantiki, na miaka ya 1970 katika maabara ya IBM ya San Jose, Marekani, Jim Gray na wenzake walikaa chini wakafikiria kwa makini swali letu hili: kompyuta ikifa katikati ya kazi, nini kifanyike? Gray alipewa Tuzo ya Turing, tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta, mwaka 1998 kwa kazi hiyo. DB2, kanzidata ya majedwali kwa meinifremu, ilitangazwa mwaka 1983. Kisha mwaka 1992 C. Mohan na wenzake wakachapisha ARIES, utaratibu wa hatua tatu wa kuamka baada ya ajali: soma logi ujue hali ilikuwaje, rudia yote yaliyoandikwa, halafu tengua ya miamala isiyothibitishwa. Kanzidata nyingi za leo zinafuata njia hiyo au inayokaribiana nayo.

Msidhani meinifremu ni mambo ya makumbusho. Benki nyingi kubwa duniani bado zinaziendesha. Mtalii aliyeshuka kutoka Serengeti akatia kadi yake kwenye ATM karibu na Mnara wa Saa, ombi lake linasafiri hadi benki ya kwao, na huko huenda linajibiwa na meinifremu, kwa programu ambayo sehemu yake iliandikwa kabla mtalii huyo hajazaliwa.

Kwenye DB2 ya meinifremu, logi huwekwa nakala mbili kwenye diski mbili tofauti. Faili moja likijaa, linahamishiwa kwenye hifadhi ya kudumu na jingine linachukua zamu. Kuna na faili dogo linaloorodhesha logi zote zilizopo na zinaanzia wapi, nalo lina nakala yake ya pili. Msimamizi mzoefu hulinda logi kuliko hata majedwali yenyewe. Jedwali likiharibika na logi ipo, utalijenga upya kutoka kwenye bakapu, yaani nakala ya akiba. Logi ikipotea, huna pa kushika. Na ikijaa bila nafasi ya kuhamishia, kanzidata nzima inasimama, kwa sababu haina ruhusa ya kubadilisha chochote bila kukiandika kwanza. Foleni ya wateja inaweza kukwama ukumbini kisa diski moja ya logi imejaa.

Sasa bakapu. Msimamizi huchukua nakala ya majedwali, tuseme kila usiku. Nakala hiyo peke yake inakurudisha usiku wa jana tu. Lakini ukirudisha nakala ya jana halafu ukapitisha logi juu yake, unaweza kusogea mpaka dakika unayoitaka. Mtu akifuta jedwali la wateja kwa bahati mbaya saa 8:14 mchana, msimamizi anairudisha kanzidata hadi saa 8:13 na kusimama hapo. Uwezo huu ndio unaotenganisha ofisi inayoamka na ile inayoanza kuwapigia wateja simu kuwaomba risiti.

Watu huchanganya bakapu na pacha. Pacha ni kompyuta ya pili inayopokea kila badiliko papo hapo, ili ya kwanza ikifa hii ishike kazi. Inasaidia moto ukizuka. Haisaidii mtu akifuta jedwali, kwani ufutaji nao unafika kwa pacha papo hapo. Zote mbili zinahitajika.

Pacha akae wapi? Hapa jiografia yetu inaingia. Mwanga ndani ya nyaya za faiba husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Arusha hadi Moshi ni kama kilomita 80, hivyo kwenda na kurudi kunachukua kama milisekunde 0.8 kwa mwanga peke yake (milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde). Kutoka Arusha hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 600 kwa barabara, yaani zaidi ya milisekunde 6. Inaonekana si kitu. Lakini kama kila muamala lazima usubiri pacha ajibu ndipo uthibitishwe, na wakati unasubiri salio linalohusika limefungwa asiliguse mwingine, zile milisekunde zinageuka foleni kwenye akaunti zinazoguswa sana. Ningekuwa napanga kwa taasisi ya Arusha, pacha wa kusubiriwa ningemweka Moshi, na nakala ya tatu isiyosubiriwa ningeipeleka mbali kabisa, maana Arusha na Moshi zote zinategemea gridi ya Taifa na balaa moja linaweza kuzigusa pamoja.

Bakapu ambayo haijawahi kurudishwa haijulikani kama ni bakapu. Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab, inayohifadhi kazi za waandishi wa programu, ilipata ajali: fundi aliyekuwa akihangaika usiku alifuta data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ile ya pili. Walipogeukia njia zao za kuhifadhi, wakakuta karibu zote hazikuwa zikifanya kazi ipasavyo. Kilichowaokoa ni nakala iliyochukuliwa takribani saa sita kabla, na mabadiliko ya saa hizo kwenye kanzidata yakapotea. Waliyaeleza yote hadharani, na nawaheshimu sana kwa hilo. Kila nakala ijaribiwe kwa kurudishwa kwenye mashine nyingine, kwa ratiba, hata kama bosi anaona ni kupoteza muda.

Ipo hali moja ambapo logi haitoshi, nayo wengi wameikuta: akaunti imekatwa, ATM haikutoa noti. Ahadi ya "yote au hakuna" inashika ndani ya kanzidata moja. ATM ni mashine nyingine, na benki ya mwenye kadi ni nyingine tena. Mashine ikishindwa kutoa noti hutuma ujumbe wa kutengua. Mtandao ukiwa umekatika, ujumbe huo unachelewa, na mambo hunyooka pale benki zinapolinganisha hesabu zao. Kwa hiyo tunza risiti, andika saa na mahali. Kwa malipo ya simu, ujumbe usipoingia usirudie kutuma kabla ya kuangalia salio. Huenda mstari wa nne ulishaandikwa na kilichokwama ni ujumbe tu.

Umeme, kusema kweli, si adui mkubwa kuliko binadamu mwenye ruhusa nyingi. Vikundi vyetu vya vikoba vilijua hili zamani: sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu. Kwenye kanzidata inapaswa iwe vivyo hivyo. Anayetoa ruhusa asiwe ndiye anayekagua nani alifanya nini, na msimamizi wa kanzidata, ambaye kwa kazi yake anaweza kufungua jedwali lolote, awe na kumbukumbu ya matendo yake inayotunzwa na mtu mwingine. Kwenye meinifremu ulinzi wa ruhusa umewekwa nje ya kanzidata kabisa, katika programu kama RACF ambayo IBM iliitoa mwaka 1976. Hapa kwetu jambo hili sasa ni la kisheria pia: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inamdai kila anayekusanya taarifa za watu azilinde. Hospitali, shule na saccos zimo.

Hata badiliko lenye nia njema linaweza kuangusha benki. Juni 2012, huko Uingereza, kundi la benki za RBS liliboresha programu inayopanga kazi za usiku za meinifremu, likaona hitilafu, likajaribu kurudi kwenye toleo la awali, na hapo mpangilio ukavurugika. Zaidi ya wateja milioni 6 waliathirika. Mishahara na malipo vilichelewa kwa siku kadhaa, wengine kwa wiki. Novemba 2014 wasimamizi wa sekta walilitoza faini ya jumla ya pauni milioni 56.

Kijana aliye Tengeru, Njiro au Moshi mjini hahitaji meinifremu kuona haya kwa macho yake. PostgreSQL ni kanzidata ya bure na inaingia kwenye laptopu ya kawaida. Tengeneza jedwali la akaunti mbili, andika programu fupi inayohamisha shilingi mia huku na huku bila kukoma, kisha iue kanzidata kwa nguvu katikati, bila kuiaga. Iwashe tena na usome inachokiandika inapoamka: itakwambia haikuzimwa vizuri, itataja mahali kwenye logi ilipoanzia kurudia kazi na ilipomalizia. Halafu jumlisha salio mbili ulinganishe na jumla ya mwanzo. Ukishazoea, IBM ina jukwaa la mafunzo liitwalo Z Xplore, linalompa mwanafunzi nafasi ya bure kwenye meinifremu halisi kupitia intaneti.