Modeli haipangi mji: dhana potofu kuhusu mafunzo ya maafisa mipango

Serikali nyingi siku hizi zinawapeleka maafisa wa mipango miji kwenye mafunzo ya modeli, yaani hesabu za kompyuta zinazounganisha ardhi, usafiri na uchumi wa mji. Naliunga mkono jambo hili kwa moyo wote. Ila wengi huingia darasani, na wengine hutoka, wakiwa na imani ambazo baadaye huwagharimu wananchi.

"Modeli inatabiri mji utakavyokuwa."

Kazi yake hasa ni kulinganisha. Chukua barabara ya mchepuo inayopunguza safari ya kutoka pembezoni hadi katikati ya mji, kutoka dakika 60 hadi 40. Hesabu iliyozoeleka hujumlisha dakika zilizookolewa, huzigeuza kuwa fedha, kisha daftari linafungwa. Modeli ya uchumi wa mji inaendelea: kaya zinahamia pembezoni, wenye viwanja wanapandisha bei, maduka yanawafuata wateja, na baada ya miaka kadhaa foleni inaweza kurudi palepale. Mpangaji aliyekubali kukaa mbali kwa sababu pango lilikuwa nafuu sasa analipa zaidi, hata kama yeye hasafiri kwenda mjini. Cha kusoma ni tofauti kati ya mji wenye barabara hiyo na mji usio nayo, na ni nani anayeichukua faida ya tofauti hiyo.

Fikra yenyewe, kwamba gharama ya safari huathiri bei ya ardhi, ni ya zamani. Mwaka 1826 mwanauchumi wa Kijerumani Johann Heinrich von Thünen alieleza jinsi gharama ya kufikisha mazao sokoni inavyoamua thamani ya shamba. Mwaka 1964 mtaalamu wa uchumi wa miji William Alonso aliileta hoja hiyo kwenye viwanja vya mjini, na mwaka huohuo mwanauchumi Ira Lowry akatoa modeli ya mji wa Pittsburgh, Marekani, iliyofunga pamoja ajira na makazi.

"Modeli kubwa ndiyo bora."

Imani hii imekula fedha nyingi za umma. Mwaka 1973 mtaalamu wa mipango miji Douglass Lee alizichambua modeli kubwa za miji zilizokuwa zikijengwa Marekani, akazikuta ghali, zenye njaa ya data isiyoshibishika, na ngumu kiasi cha kutomfaa anayefanya uamuzi. Alonso naye alikwisha kuonya mwaka 1968 kwamba makosa ya data hukua kadiri hesabu zinavyotegemeana. Jaribu kwa kalamu: hatua tano, kila moja kivyake ikiwa na uwezekano wa 90% wa kuwa sahihi, uwezekano wa zote tano kuwa sahihi ni takriban 59% tu. Mji uliogawanywa katika kanda 300 unahitaji makadirio ya safari kwa jozi 90,000 za kanda. Ukiugawa katika kanda 40, jozi ni 1,600, na timu ndogo inaweza kuzikagua.

"Hatuna data, kwa hiyo tusubiri."

Sensa ipo, picha za setilaiti zipo, ramani huria za OpenStreetMap zipo tangu 2004, na QGIS ni programu ya bure ya kuchora na kuchambua ramani. Mara nyingi kinachokosekana ni idara ya ardhi kuipa idara ya mipango kumbukumbu za mauzo ya viwanja.

"Haya ni mafunzo ya kompyuta."

Dhana hii ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu huamua ratiba nzima ya mafunzo. Kubonyeza vitufe hujifunzwa haraka. Kigumu ni kuhoji. Viwango hivi vya mwitikio wa watu kwa nauli vimetoka mji gani? Ajira zisizo rasmi zimehesabiwa? Nauli ikipanda kwa 20%, mradi bado una faida?

Zoezi ninaloliamini kuliko yote ni kuirudisha modeli nyuma. Ipewe data ya kabla ya mradi uliokwisha kujengwa, ikokotoe, halafu maafisa waweke majibu yake kando ya yaliyotokea kweli. Wanauchumi walifanya jambo linalofanana na hilo kwa Berlin, wakitumia bei za ardhi za 1936, 1986 na 2006. Mji huo wa Ujerumani ulipogawanywa kuwa Mashariki na Magharibi, ardhi ya Berlin Magharibi iliyokuwa karibu na kitovu cha zamani ilipoteza thamani. Baada ya kuungana tena, thamani ikaanza kurejea. Modeli isiyoweza kueleza mabadiliko ya namna hiyo haistahili kukabidhiwa bajeti.

"Modeli ikishasema, uamuzi umepatikana."

Modeli inaweza kuonyesha kwamba mradi utaongeza pato la mji na wakati huohuo utawasukuma wapangaji nje. Kupima lipi lina uzito zaidi ni kazi ya baraza na wananchi, na afisa aliyefunzwa vizuri huwawekea yote mawili mezani.

"Semina ya wiki moja inatosha."

Afisa huhamishwa, na modeli hubaki kwenye kompyuta ya mshauri mwelekezi. Ifunzwe timu, si mtu mmoja, ikifanyia kazi mradi halisi uliomo kwenye bajeti yake, na mkataba utamke kwamba data, msimbo wa programu na maelezo ya kila kadirio ni mali ya idara.