Marupurupu: maana ya neno na matumizi yake

Marupurupu ni manufaa ya ziada anayoyapata mtu kutokana na kazi au cheo chake, mbali na mshahara. Yanaweza kuwa fedha, kama vile posho ya nyumba, ya usafiri au ya kuhudhuria vikao, na yanaweza pia kuwa kitu au huduma: gari la kazini pamoja na dereva wake, simu inayolipiwa na mwajiri, au bima ya afya inayogharamia familia nzima. Neno hili hutumika kwa wingi, likichukua upatanisho wa ya-, na ni nadra kumsikia mtu akitaja umoja wake. Husemwa marupurupu yake, marupurupu mengi na, kwa kijicho kidogo, marupurupu manono.

Kiini cha maana yake ni huo uziada. Mshahara ni ujira wa kazi yenyewe; marupurupu hukaa pembeni yake, hata pale yanapouzidi kwa ukubwa, jambo ambalo si geni katika vyeo vya juu. Mpaka huo una uzito wa kisheria. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inapoeleza mshahara wa msingi huziacha nje posho zote, pamoja na malipo ya saa za ziada na ya kazi za usiku. Kiinua mgongo cha anayeachishwa kazi, ambacho sheria hiyo inataka kisipungue mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika kazini, hadi miaka 10, hukokotolewa kwa mshahara huo wa msingi peke yake. Kwa hiyo watu wawili wanaopokea kiasi kilekile kila mwezi, mmoja akiwa na mshahara mkubwa na posho ndogo na mwenzake akiwa kinyume chake, hawataondoka na fedha sawa siku ya kuagana na mwajiri. Mfanyakazi anayefurahia posho bila kutazama mshahara wa msingi ulioandikwa kwenye mkataba huwa ametazama nusu tu ya hesabu.

Hata hivyo, si kila kinachoitwa marupurupu ni hisani ya mwajiri. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 31, humtaka mwajiri ampatie mfanyakazi makazi yanayofaa au amwongezee fedha za kutosha kulipia kodi ya nyumba, isipokuwa pale mkataba unapokuwa umekwisha kuijumuisha kodi hiyo ndani ya mshahara wenyewe. Malipo hayo huorodheshwa miongoni mwa marupurupu, lakini anayeyadai anadai haki yake.

Katika mazungumzo ya kila siku, na zaidi katika habari za siasa, neno hili limebeba harufu ya kupita kiasi. Wabunge na mawaziri ndio hutajwa nalo mara nyingi, na vitenzi vinavyoambatana nalo huonyesha msimamo wa msemaji: wakubwa hujiongezea marupurupu, wananchi hutaka yafyekwe. Ndiyo maana mwajiri anayeandika barua rasmi mara nyingi huchagua neno posho au stahili, ambayo hayana kejeli hiyo. Lakini lugha rasmi nayo haijalikimbia kabisa. Habari za Kiswahili zinazohusu tume iliyoundwa chini ya kifungu cha 230 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, inayopanga malipo ya maafisa wa dola, huzungumzia mishahara na marupurupu pamoja, bila dhihaka yoyote.

Yapo maneno ya jirani ambayo huchanganywa na hili. Posho ni sehemu tu ya marupurupu, kwa kuwa gari au nyumba ya bure haiitwi posho. Tena neno hilo lina maana nyingine ya chakula cha mgao, na kwa Wakenya wengi humaanisha unga wa mahindi. Bonasi hutegemea matokeo: lengo la mauzo likifikiwa hutolewa, lisipofikiwa hakuna wa kumlaumu mwajiri. Kiinua mgongo hutolewa utumishi unapokoma. Bakshishi hutoka kwa mtu aliyeridhika na huduma, kwa hiari yake, na mwajiri hahusiki. Posho ya safari ina utata wake: kwa kanuni ni fedha ya kulipia chakula na malazi, wala si faida, lakini anayelala kwa ndugu yake na kurudi na salio huihesabu, bila kusita, miongoni mwa marupurupu.

Utata huo hutumiwa vibaya pia. Karani anayepokea kitu kidogo ili faili lisogee anaweza kukiita marupurupu ya ofisi, ilhali hakimo katika mkataba wake wala katika kanuni za utumishi, na aliyekitoa ni mwananchi aliyestahili kuhudumiwa bila malipo hayo. Kinachopokewa hapo ni rushwa, na kamusi haina nafasi ya kukiingiza chini ya neno hili.