Ngawira si uporaji: mpiganaji muungwana anaachana wapi na mnyang'anyi?

Mtumwa mmoja aliyeitwa Mid'am alikuwa akishusha mizigo ya Mtume kwenye ngamia. Jeshi la Waislamu lilikuwa limetoka kushinda vita vya Khaibar, Uarabuni, na limefika bonde la Wadi al-Qura. Ghafla ukaja mshale usiojulikana umetoka kwa nani, ukamuua palepale. Waliokuwepo wakasema hongera yake, pepo ni yake. Mtume akakataa: ile shuka aliyoichukua katika ngawira za Khaibar kabla hazijagawanywa inamwakia moto. Kusikia hivyo, mtu mmoja akaja na kamba ya kiatu, moja au mbili, akazirudisha.

Kamba ya kiatu! Hadithi hii imo katika vitabu vya hadithi za Mtume vya Bukhari na Muslim, na wengi tuliisikia chuoni tukiwa wadogo, tukadhani ni onyo la kawaida dhidi ya wizi. Lakini Mid'am hakumwibia jirani. Alichukua kitu cha adui aliyeshindwa, na huenda shuka ileile ingemwangukia yeye siku ya mgawo. Kosa lake ni kwamba aliichukua kabla haijahesabiwa.

Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa jambo hili, ingawa siku hizi tunayachanganya. Ngawira ni mali iliyopatikana vitani; mitaani sasa ni fedha tu, na anayesema leo ana ngawira hana habari na upanga. Nyara ni jamaa yake, ndilo neno la Biblia ya Kiswahili, nasi tumebaki nalo kwenye kuteka nyara ndege au mtoto wa tajiri. Waislamu husema pia ghanima. Ng'ambo ya pili wapo mporaji, mnyang'anyi na haramia, huyu wa mwisho akiwa wa mzizi mmoja na haramu. Shida ni kwamba wote, wa huku na wa kule, wanaweza kurudi nyumbani wakiswaga mbuzi wa mtu. Ukisimama njiani ukawatazama wale mbuzi, huwezi kujua ni ngawira au ni wizi.

Wengi hujibu haraka kwamba tofauti ni ujasiri. Sikubaliani. Mnyang'anyi anayeingia boma la watu usiku akiwa na wenzake watatu huenda ana moyo mgumu kuliko askari aliyezungukwa na kikosi kizima. Wengine husema tofauti ni sababu ya vita, kwamba anayepigania haki ni shujaa. Hilo nalo halitoshi, maana hakuna anayekwenda vitani akikiri kwamba anapigania dhuluma.

Tazama ruga-ruga. Karne ya 19, katika Unyamwezi na Ukimbu, watemi walianza kukusanya vijana wasio na wake wala mashamba, waliotoroka utumwa au waliopoteza koo zao, wakawapa bunduki. Walivaa vitambaa vyekundu na manyoya, walivuta bangi, waliogopwa na kila msafara. Mkubwa aliyewatumia ni Mirambo wa Urambo, magharibi ya Tabora. Mwaka 1871 aliingia vitani na Waarabu wa Tabora na kuifunga njia ya kwenda Ujiji. Henry Morton Stanley, msafiri na mwandishi wa habari aliyekuwapo Tabora mwaka huo na akajiunga na upande wa Waarabu, alimwandika Mirambo kama jambazi. Mwaka 1876 walikutana ana kwa ana, wakachanjiana undugu wa damu, na Stanley yuleyule akaandika kwamba amemkuta Mwafrika muungwana kamili. Mirambo hakubadilika sana katika miaka hiyo mitano. Kilichobadilika ni mahali alipokaa aliyeshika kalamu.

Lakini tusimalizie hapo, tukasema basi kila jambazi ni shujaa wa mwingine, habari ikaisha. Ndani ya Urambo kulikuwa na kipimo kingine. Ruga-ruga hawakuwa na mshahara. Waliishi kwa walichoteka. Mtemi alipokuwa na nguvu, kilichotekwa kilipita mbele yake, na kijana alijua kwamba kuna mtu wa kumuuliza. Mirambo alifariki Desemba 1884, na himaya yake ikaanza kumeguka. Magenge ya ruga-ruga hayakufa naye. Yalibaki na bunduki zilezile na njaa ileile, bila wa kuwauliza, na Wajerumani walipofika wakayakuta tayari kwa kukodiwa. Waliwatumia katika kuzima Maji Maji, 1905 hadi 1907, wakati mashamba na maghala ya kusini yalipochomwa na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni hesabu. Aliyechukua atamjibu nani? Atakipeleka wapi alichochukua? Jeshi lisilolishwa hujilisha, na likizoea kujilisha haliachi kwa sababu vita vimekwisha. Ndiyo maana sheria za kale za vita zinashughulika sana na mgawo. Katika Samweli wa Kwanza, sura ya 30, Daudi anawafuata Waamaleki walioteketeza Siklagi na kuwachukua wanawake na watoto. Watu 200 wanachoka, wanabaki kwenye kijito cha Besori. 400 wanaendelea na kushinda. Wakirudi, baadhi ya washindi wanasema wale waliobaki wasipewe kitu zaidi ya wake zao na watoto wao. Daudi anakataa: fungu la aliyekwenda vitani na fungu la aliyelinda vyombo ni sawasawa, na jambo hilo likawa sheria katika Israeli. Kurani nayo imetenga khumsi, sehemu moja ya tano, kwa ajili ya Mwenyezi Mungu na Mtume, jamaa zake, yatima, maskini na msafiri, ili mali isibaki yote mikononi mwa wenye panga.

Ukisoma kwa makini utaona kitu. Sheria ya Daudi inamlinda askari dhidi ya askari mwenzake. Mwenye ng'ombe hatajwi. Hesabu inaweza kuwa safi kabisa, kila mtu na fungu lake, na bado kijiji kimebaki majivu. Majambazi wazuri nao hugawana sawasawa. Genge linalodhulumiana halidumu.

Hapo ndipo kinapoingia kipimo cha pili, yaani asiye na silaha. Wasia unaojulikana zaidi ni ule wa Khalifa Abubakar kwa jeshi lililokwenda Sham, yaani upande wa Syria, katika karne ya 7. Asiuawe mwanamke, mtoto wala mzee. Mti wenye matunda usikatwe. Penye makazi ya watu pasibomolewe. Kondoo au ngamia asichinjwe ila kwa kuliwa. Waliojitenga kwa ibada waachwe na ibada yao. Na katika orodha hiyohiyo: msiibe katika ngawira. Vipimo vyote viwili vimewekwa pamoja, na kile cha kondoo ndicho kinachonipendeza zaidi kwa sababu kinakubali ukweli. Askari atakula. Swali ni kama anachinja kwa sababu ana njaa, au kwa sababu kondoo ni wa adui.

Mfano wa mtu anayefaulu kipimo kimoja na kuanguka cha pili tunao hapahapa, na bado anasifiwa. Paul von Lettow-Vorbeck aliongoza jeshi la Kijerumani Afrika Mashariki kuanzia 1914, akawazungusha Waingereza miaka minne, akaweka silaha chini Abercorn, ambayo sasa ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Maadui zake walimheshimu kama muungwana wa vita. Alipitishwa Berlin kwa shangwe mwaka 1919. Nidhamu ilikuwepo, vyeo vilikuwepo, amri zilifuatwa. Lakini jeshi lake lilikula nini kwa miaka minne, meli zikiwa zimezuiwa baharini? Lilikula ghala za wanakijiji, na mizigo ikabebwa na watu walioshurutishwa. Ludwig Deppe, daktari wa jeshi hilohilo, aliandika baadaye kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa, maghala yaliyokombwa na njaa inayokuja. Waingereza nao hawakuwa nyuma. Ugogo, ambako majeshi yote mawili yalichukua nafaka na ng'ombe, kulizuka njaa ambayo Wagogo waliipa jina Mtunya, kati ya 1917 na 1920.

Wahenga walishasema muungwana ni vitendo. Mgogo wa mwaka 1917 hakuwa na haja ya kujua kama ofisa aliyechukua mtama wake alimpigia saluti ofisa wa upande wa pili.

Sheria ya leo imejaribu kuviunganisha vipimo hivyo. Kanuni za Hague za mwaka 1907, kifungu cha 47, zinakataza uporaji bila kuzunguka. Kifungu cha 52 kinakubali kwamba jeshi lililoteka nchi linaweza kuchukua mahitaji yake, lakini kwa kiasi kinacholingana na uwezo wa nchi, na lilipe taslimu. Lisipoweza, litoe stakabadhi na kulipa mapema iwezekanavyo. Mkataba wa Nne wa Geneva, 1949, kifungu cha 33, unasema kwa sentensi fupi mno kwamba uporaji umekatazwa. Napenda ile stakabadhi. Karatasi yenye idadi ya mbuzi na sahihi ya ofisa ndiyo hesabu ambayo shuka ya Mid'am iliikosa, sasa katika lugha ya makarani: kilichochukuliwa kimeandikwa, na aliyechukuliwa anatambuliwa kuwa ni mtu anayedai.

Kwa kipimo cha mahitaji, kuna vitu ambavyo haviwezi kamwe kuitwa ngawira halali. Fuvu la Mkwawa ni mojawapo. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijiua mwaka 1898 asikamatwe na Wajerumani, kichwa chake kikakatwa na kupelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani kulikabidhi fuvu hilo, na halikufika Kalenga, kwao Uhehe, hadi 1954. Fuvu halimshibishi askari wala halijengi daraja.

Mtu yuleyule, tena, anaweza kuwa wa upande huu asubuhi na wa ule jioni. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, yakaua raia, yakaswaga ng'ombe na kukomba mali hadi kwenye kiwanda cha sukari. Hao ni wanyang'anyi waliovaa sare, sina shaka. Lakini Januari 1979, askari wa JWTZ, jeshi la Tanzania, walipovuka na kuuteka mji wa Mutukula upande wa Uganda, walilipiza kisasi: raia waliuawa na mji ukabomolewa. Mwalimu Nyerere alipopata habari aliamuru raia na mali zao wasiguswe. Tunapenda kuisimulia vita ile bila Mutukula. Mimi naona amri ile ni sehemu ya ushindi, kwa sababu ilikuwa ni kuwauliza watu wetu wenyewe, tena vita vikiwa havijaisha.

Kesi iliyolifafanua jambo hili vizuri zaidi kwa majirani zetu ni ya Kongo dhidi ya Uganda, katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Desemba 2005 mahakama ilisema haikuona ushahidi kwamba serikali ya Uganda ilikuwa na sera ya kupora mali asili ya Kongo. Iliona ushahidi wa kutosha kwamba maofisa na askari wake, wakiwemo wa vyeo vya juu kabisa, walipora. Je, nchi inaweza kujitetea kwamba hao walikwenda kinyume cha amri? Mahakama ilisema hapana: alichofanya askari ni cha jeshi lake na cha dola yake, awe alitumwa au alijituma, na wakubwa walikuwa na wajibu wa kumzuia. Tarehe 9 Februari 2022 ikapangwa fidia ya dola milioni 325, na kati ya hizo milioni 60 ni kwa ajili ya mali asili: dhahabu, almasi, koltani, mbao, kahawa. Uganda iliambiwa ilipe kwa awamu tano za milioni 65, kila Septemba, na awamu ya kwanza ililipwa mwaka huohuo.