Elimu ya masafa: kazi uliyotuma inarudi lini?

Historia ya elimu ya masafa husimuliwa kama orodha ya vyombo: barua, redio, televisheni, kompyuta. Ukiifuata hivyo, jambo lenyewe linakupita. La kuangalia ni kazi ya mwanafunzi: ilisahihishwa na nani, na ilirudi baada ya muda gani?

Mwaka 1728 Caleb Phillips alitangaza katika gazeti la Boston Gazette kwamba watu wa mashambani wangeweza kujifunza hati mkato, yaani maandishi ya alama fupi ya kuandika haraka, kwa masomo ya kutumiwa kila wiki. Kuhusu kusahihisha, tangazo halisemi kitu. Aliyefungua njia ya kwenda na kurudi ni Isaac Pitman wa Uingereza, na posta ndiyo iliyomwezesha. Hadi wakati huo gharama ya barua ilipanda kadiri ya umbali na idadi ya karatasi, na mara nyingi mpokeaji ndiye aliyelipa. Mwaka 1840 ikawa peni 1 kwa barua isiyozidi nusu aunsi, yaani gramu 14 hivi, popote iendako nchini. Mwanafunzi wa Pitman alinakili aya za Biblia kwa hati mkato, akazituma, kisha akarudishiwa zikiwa zimesahihishwa.

Tatizo la posta ni foleni. Tuseme zoezi hutumwa kila baada ya siku 14, na barua huchukua siku 10 kwenda na 10 kurudi. Zoezi la pili linaondoka wakati la kwanza halijarudi, kwa hiyo kosa lilelile linakwenda mara mbili. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, hata wenye bidii.

Redio ilifika haraka kuliko barua, lakini ya kawaida husema tu, haisikilizi. Ndiyo maana shule ya redio iliyoanza Alice Springs, Australia, mwaka 1951 inastahili sifa: ilitumia mitambo ya madaktari warukao kwa ndege, na mtoto aliye mbali aliweza kumjibu mwalimu papo hapo.

Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilipata hati yake ya kifalme, yaani idhini rasmi ya kuwa chuo kikuu, mwaka 1969 na kupokea wanafunzi mwaka 1971. Kilisifika kwa vipindi vya BBC. Mzigo hasa, hata hivyo, ulibebwa na vitabu vya kozi na wakufunzi waliosahihisha kazi kwa maelezo ya maandishi, si alama tupu.

Mtandao uliondoa siku za njiani, haukuondoa saa za msahihishaji. Mwaka 2011 kozi ya akili unde (AI) iliyotolewa bure mtandaoni na walimu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, iliandikisha zaidi ya watu 150,000. Wengi hawakufika mwisho. Kompyuta husahihisha hesabu na maswali ya kuchagua bila shida. Insha, au hoja iliyopotoka katikati, bado inahitaji jicho la mtu.

Kwa hiyo kabla ya kulipia kozi, usianze na ubora wa video. Uliza mkufunzi mmoja ana wanafunzi wangapi, kazi hurudi baada ya siku ngapi, na uombe kuona mfano wa kazi iliyosahihishwa. Siku hizo zikizidi nafasi iliyopo kati ya zoezi na zoezi, uliza kama unaruhusiwa kusubiri masahihisho kabla ya kutuma kazi inayofuata. Wakikataa, tafuta kozi nyingine.