Maji Yasiyopotea: Kutengeneza Vimiminika Katika Gemu za Kujenga Leveli

Gemu inayompa mchezaji matofali, bomba na vali ajijengee leveli mwenyewe ina shida ambayo gemu ya kawaida haina. Kwenye gemu ya kawaida mbunifu anajua kila tangi liko wapi. Akiona maji yanafanya vibaya kwenye kona fulani, anaibadilisha kona. Mchezaji anayejenga hana mipaka hiyo. Atatengeneza mrija wenye umbo la U, atatoboa tundu la seli moja (mraba mmoja wa ramani) chini ya bwawa, atayabana maji kati ya kuta mbili zinazosogea, kisha ataiacha leveli ijiendeshe usiku kucha. Kila udhaifu wa kanuni zako atauona.

Kwa hiyo ninaposema maji ya gemu kama hii yawe halisi sizungumzii mng'aro. Nazungumzia ujazo kwanza: maji yaliyoingia yawe sawa na yaliyotoka na yaliyobaki. Gemu ya Minecraft imechagua njia nyingine: seli ya chanzo haiishi, maji yanatambaa seli 7 kutoka kwenye chanzo, na vyanzo viwili vilivyopakana vizuri huzaa cha tatu. Kwa gemu ile uamuzi huo unafaa, maana mchezaji anahitaji mto usiokauka zaidi ya hesabu ya lita. Lakini ukitaka fumbo la kujaza tangi, kupima mizani kwa maji au kuzamisha chumba, chanzo kisichoisha kinaua fumbo zima.

Mfumo ninaoupendekeza kwa gemu ya 2D ni gridi ya seli, kila seli ikibeba kiasi chake cha maji. Tumia namba kamili, usitumie desimali. Desimali huzungushwa tofauti kidogo kulingana na prosesa na namna programu ilivyotafsiriwa, na leveli iliyotatuliwa kwenye simu ya mmoja inaweza kukwama kwenye kompyuta ya mwingine. Namba kamili hutoa jibu lilelile popote, mradi mpangilio wa kupitia seli nao haubadiliki.

Swali linalofuata ni seli iliyojaa iwe na namba ngapi. Gemu ya Terraria hutumia 0 hadi 255, yaani baiti moja kwa seli. Inaokoa kumbukumbu, ila angalia kinachotokea kwenye kusawazisha. Kanuni ya kawaida ya mtiririko wa pembeni ni kutoa robo ya tofauti kati yako na jirani. Tofauti ikiwa 3 au chini ya hapo, robo yake kwa namba kamili ni sifuri, na maji hayasogei. Bwawa la upana wa seli 100 linaweza basi kubaki na mteremko wa 3 kwa kila seli, jumla karibu 300. Kama seli iliyojaa ni 255, uso wa bwawa umeinama kwa zaidi ya seli nzima, na mchezaji ataona. Kama seli iliyojaa ni 4096, mteremko huohuo ni chini ya asilimia 8 ya seli moja, na jicho halioni kitu. Baiti mbili kwa seli zinatosha kwa hilo, na zinaacha nafasi ya kutosha juu ya 4096.

Kwa nini robo na si nusu? Kwa sababu seli ina majirani wawili wa pembeni. Seli yenye 8 katikati ya seli mbili tupu ikitoa nusu ya tofauti kila upande inabaki na 0, na hatua inayofuata (hatua ni duru moja ya hesabu ya gemu) maji yanarudi. Matokeo yake ni uso unaotetemeka bila kukoma. Kwenye 3D majirani ni wanne, na hapo robo yenyewe ndiyo inayoleta mtetemo; gawanya kwa 8.

Mpangilio wa kusasisha nao una mitego. Ukipitia seli kutoka kushoto kwenda kulia huku ukiandika kwenye gridi ileile unayoisoma, tone linaloenda kulia linaweza kuvuka skrini nzima ndani ya hatua moja, wakati linaloenda kushoto linasogea seli moja tu. Weka nakala mbili za gridi, moja ya kusoma na moja ya kuandika. Kila seli igawe maji yake kwa mpangilio uleule: chini kwanza, kisha pembeni, juu mwisho, ikipunguza akiba yake baada ya kila mgao ili isije ikatoa maji isiyokuwa nayo.

Sasa presha, na hapa ndipo kazi ilipo.

Mbinu nyepesi inayojulikana ni kuruhusu seli ya chini ibebe ziada kidogo kuliko iliyo juu yake. Tuite kiasi kamili M na ziada Z. Chukua jumla ya maji ya seli mbili zilizopandana, J. Kama J haizidi M, yote yanakaa chini. Kama J iko kati ya M na 2M + Z, ya chini inapata (M × M + J × Z) ÷ (M + Z). Zaidi ya hapo, ya chini inapata (J + Z) ÷ 2. Seli yenye maji kuliko inavyostahili husukuma juu, na mrija wa U unajisawazisha wenyewe bila msimbo wowote wa ziada. Z ya karibu asilimia 2 ya M, yaani kama 80 kwa M ya 4096, ndiyo inayotumika sana.

Mbinu hii ina gharama mbili ambazo lazima uzijue kabla ya kuitegemea. Ya kwanza ni ujazo uliofichwa. Kwenye tangi lenye kina cha seli 50, kila seli ina asilimia 2 zaidi ya iliyo juu yake, na ya chini kabisa inakaribia kubeba mara mbili. Jumla yake ni kama seli 74.5 za maji ndani ya nafasi ya seli 50. Mchezaji akilifungua tangi hilo limwagikie kwenye beseni pana, anapata karibu nusu nzima zaidi ya alichokiona kwa macho. Hakuna kilichoongezeka kimahesabu, lakini fumbo limeharibika.

Ya pili ni bomba refu. Tofauti ya kina cha seli moja huleta msukumo wa 80, na msukumo huo unagawanyika kwenye urefu wote wa bomba. Bomba la seli 40 linabaki na tofauti ya 2 kati ya seli na seli, na tumeona kwamba chini ya 4 hakuna kinachosogea. Pande mbili za bomba zinaweza kupishana kwa hadi takriban seli 1.5 milele. Unaweza kuhamia namba za baiti nne na M ya zaidi ya milioni. Kukwama kutaisha, lakini kasi bado ni mbaya. Kwa tofauti ya seli moja kwenye bomba la seli 40, linapita fungu la 0.000125 la seli kwa hatua, yaani zaidi ya dakika 2 kujaza seli moja kwenye gemu ya hatua 60 kwa sekunde.

Kwa hiyo mbinu ya ziada naiachia maji ya kina kifupi: madimbwi, ngazi, mifereji. Kwa matangi na mabomba natumia hesabu ya dimbwi zima. Seli zote zilizojaa na kupakana zinakusanywa kuwa dimbwi moja, na dimbwi linajua uso wake wa juu uko wapi na matundu yake, yaani seli zisizojaa zinazopakana nalo, yako wapi. Kila hatua, maji huchukuliwa kwenye uso wa juu kabisa na kupelekwa kwenye tundu lililo chini yake. Gemu ya Dwarf Fortress hufanya jambo la jamii hii: kila seli ina viwango 7 vya maji, na presha hupita kwenye seli zilizojaa. Haipiti kwenye ulalo wa kona, na wachezaji wamejifunza kutumia kona hizo kuizima presha makusudi. Ukichagua kanuni kama hiyo, iandike kwenye maelezo ya gemu, maana itakuwa chombo cha ujenzi.

Bila kikomo, maji ya dimbwi yataruka kutoka mwisho mmoja hadi mwingine kwa kufumba na kufumbua. Kikomo sahihi kinatokana na kanuni ya Torricelli: kasi ya maji yanayotoka tunduni ni kipeuo cha pili cha 2gh, g ikiwa mchapuko wa mvutano wa dunia na h kimo cha maji juu ya tundu. Kwa kimo cha mita 5 kasi ni mita 9.9 kwa sekunde. Seli ikiwa na upana wa nusu mita, hiyo ni seli 19.8 kwa sekunde, au 0.33 ya seli kwa kila hatua ya 1/60. Kwa M ya 4096, tundu la seli moja lisipitishe zaidi ya 1350 kwa hatua. Ukiweka namba hii utaona jambo zuri: tangi linapokaribia kuisha, mkondo unalegea wenyewe.

Kuna kasoro moja inayobaki. Matangi mawili mapana yaliyounganishwa na bomba jembamba yakishajaa hadi yakaungana, yanakuwa dimbwi moja, na uso wote wa tangi la pili unahesabiwa kuwa tundu. Tangi linajaa ghafla kana kwamba bomba halipo. Dawa yake ni kulikata dimbwi penye shingo. Sehemu yenye upana wa seli 1 au 2 uichukue kama bomba kati ya madimbwi mawili, na mtiririko wake uwe upana wa shingo mara kasi ileile, h safari hii ikiwa tofauti ya nyuso mbili. Ni kazi ya ziada kwenye msimbo, lakini ndiyo inayofanya vali iwe na maana.

Masalio madogo pia yanahitaji uamuzi. Seli yenye 5 kati ya 4096 haionekani, ila inaendelea kukokotolewa. Wengi huifuta, na leveli yenye maporomoko inakauka taratibu bila mtu kujua kwa nini. Ifute kwenye gridi, lakini kiasi chake kiandike kwenye deni la dimbwi la karibu, na deni likifika thamani ya seli nzima lirudishe kwenye uso.

Kuhusu kasi: ramani ya seli 1000 kwa 500 ina seli nusu milioni, na nyingi hazifanyi kitu. Igawe vipande vya 32 kwa 32 (utapata 512) na ukokotoe vile tu vyenye mwendo. Gemu ya Noita, ambayo kila pikseli yake ina fizikia, hutumia vipande vya 64 kwa 64 na ndani yake hufuatilia eneo lililobadilika tu. Kipande kilale kikikaa hatua 8 bila badiliko, na kiamke jirani yake akibadilika au tofali likiguswa. Usisahau vipande vinavyopakana kwenye kona. Ukuta wa maji uliosimama wima hewani kwenye mstari wa mpaka wa vipande karibu kila mara ni jirani aliyesahauliwa kuamshwa.

Vimiminika vikiwa vingi, usiviweke viwili kwenye seli moja isipokuwa umetenga hesabu mbili. Nusu ya mafuta juu ya nusu ya maji ndani ya seli moja ni hali itakayotokea kila uso unapopanda. Densiti huamua nani yuko juu: maji kilo 1000 kwa mita ya ujazo, mafuta ya kupikia kama 920, asali karibu 1400, zebaki zaidi ya 13,500. Mnato uweke kama idadi ya hatua kati ya mwendo mmoja na mwingine. Maji ya Minecraft husasishwa kila tiki 5 (tiki ni hatua moja ya gemu hiyo) na lava ya dunia ya juu, yaani ramani yake ya kawaida, kila tiki 30, na tofauti hiyo pekee inatosha lava ionekane nzito.

Vitu vinavyoelea ni rahisi hadi vinapotakiwa kuinua maji. Gogo la densiti 600 linazama asilimia 60 ya ujazo wake. Hiyo ni kanuni ya Archimedes. Ongeza ukinzani wa mwendo, la sivyo litacheza juu na chini bila kutulia. Lakini kama ujazo wake haukupunguza nafasi ya maji kwenye seli lilizokalia, beseni lililojaa halitamwagika, na mchezaji atakuwa amefanya sawasawa huku gemu ikimkatalia. Punguza nafasi hiyo polepole, isizidi robo ya seli kwa hatua, kwa sababu kitu kinachoanguka kwa kasi kitayabana maji na kuyarusha juu kupita kiasi.

Tofali likiwekwa kwenye seli yenye maji, kiasi kilichokuwamo kiende kwenye deni la dimbwi. Kama seli imefungwa pande zote na hakuna pa kwenda, mimi hukataa tofali na kuonyesha mpaka mwekundu. Kufuta maji kimyakimya kunampa mchezaji pampu ya bure: weka, ondoa, tangi limeisha. Kitufe cha kutendua nacho kirudishe maji pamoja na tofali, na leveli ihifadhi hali ya mwanzo ya maji kando na hali ya wakati wa kucheza, ili kuanza upya kusitegemee kurudisha nyuma hesabu.

Chembe zinazotiririka moja moja zinavutia, lakini sizitumii kubeba ujazo. Eneo la seli 200 kwa 100 kwa chembe 4 kila seli linahitaji chembe 80,000, badala ya namba 20,000. Tena chembe yenye kasi ya mita 10 kwa sekunde husogea sentimita 17 kwa hatua ya 1/60, na ukuta mwembamba kuliko hapo inaupita bila kuugusa, usipopima njia yake yote. Ziache ziwe mapambo: povu chini ya maporomoko na matone ya kitu kilichotumbukia, kila moja ikidumu nusu sekunde na isiongeze chochote kwenye gridi. Simu ikizidiwa, punguza hizo kwanza, na maji yenyewe yaendelee kwa hatua zilezile.