Kaisari Wilhelm wa Pili alipoteza kiti chake siku gani?

Wanafunzi wangu wa historia ya Ujerumani huniuliza swali linaloonekana jepesi: Kaisari Wilhelm wa Pili aliacha enzi lini? Wanataka tarehe moja ya kuandika daftarini, nami huwapa tatu, yaani tarehe 9, 10 na 28 Novemba 1918, kisha huwaona wakitazamana. Sikwepi jibu. Mtu huyu alitangazwa kuwa amejiuzulu kabla hajajiuzulu, akavuka mpaka akiwa bado anajihesabu mfalme, na alipotia saini hapakuwa tena na kiti cha kuacha.

Yaliyotangulia nitayapitia haraka. Alizaliwa Berlin tarehe 27 Januari 1859, mjukuu wa kwanza wa Malkia Victoria wa Uingereza. Alizaliwa kwa kutanguliza makalio, na katika uzazi huo mgumu mishipa ya fahamu ya mkono wake wa kushoto iliumia, mkono ukabaki mfupi na dhaifu maisha yake yote. Alishika enzi Juni 1888, baada ya baba yake, Friedrich wa Tatu, kufa kwa saratani ya koo akiwa ametawala siku 99 tu. Mwaka 1890 alimwondoa Kansela Bismarck, na tangu hapo akapenda mno hotuba, magwanda na manowari. Huku kwetu alifika kwa jina na kwa sura: mwaka 1889 mpanda milima Mjerumani Hans Meyer alikipa kilele cha Kilimanjaro, hiki tunachokiita Uhuru, jina la Kaisari huyo, na rupia za kwanza za koloni zilibeba kichwa chake chini ya kofia ya chuma yenye tai.

Mimi husema kwamba madaraka yalimtoka mapema kuliko taji. Kuanzia Agosti 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, majenerali Hindenburg na Ludendorff walipokabidhiwa uongozi wa jeshi lote, Kaisari aliyekuwa amiri jeshi mkuu kwa mujibu wa katiba akawa mtu wa kuarifiwa mambo yaliyokwisha kuamuliwa. Alipoondoka Berlin tarehe 29 Oktoba 1918 kwenda Spa, mji wa Ubelgiji uliokuwa makao makuu ya jeshi, alidhani anakwenda kukaa salama miongoni mwa wanajeshi wake. Siku chache baadaye mabaharia wa Kiel, bandari ya kaskazini mwa Ujerumani, waliasi, na mabaraza ya wafanyakazi na askari yakaenea mji hadi mji.

Asubuhi ya tarehe 9 Novemba, Kaisari alikuwa bado anazungumzia kuliongoza jeshi kurudi nyumbani na kuuzima uasi. Makamanda 39 walikuwa wameitwa kutoka medani ya vita na kuulizwa kama askari wao wangemfuata katika jambo hilo, na mmoja tu ndiye aliyejibu ndiyo bila kusita. Jenerali Groener, mwana wa mkoa wa Württemberg asiyekuwa na damu ya ukabaila, ndiye aliyebeba mzigo wa kumwambia kwamba jeshi litarudi kwa utulivu chini ya viongozi wake, lakini halitarudi chini ya amri yake yeye Kaisari.

Hapo Wilhelm alishika wazo ambalo wanasheria wa wakati huo wangelishangaa: aliache taji la Milki ya Ujerumani, abaki Mfalme wa Prussia, ufalme mkubwa kuliko zote ndani ya Milki hiyo. Katiba ya 1871 haikuruhusu kitu kama hicho. Ukaisari haukuwa cheo cha kusimama peke yake, kwa kuwa kifungu cha 11 kilisema kwamba uongozi wa shirikisho ni wa Mfalme wa Prussia, naye ndiye atakayeitwa Kaisari wa Ujerumani. Wakati Spa wakiendelea kuandika na kufuta, Berlin haikuweza kungoja. Karibu na adhuhuri Kansela Max wa Baden alitangaza, bila idhini, kwamba Kaisari na Mfalme ameamua kujiuzulu. Muda si mrefu Scheidemann, kiongozi wa chama cha Kisoshalisti, akatokea dirishani pa jengo la Bunge na kuitangaza jamhuri. Wilhelm alipopata habari alipaza sauti kwamba amesalitiwa, na nadhani kwa maana finyu ya kisheria alikuwa na hoja, ingawa hapakuwa tena na mahakama wala kikosi cha kuisikiliza.

Alfajiri ya siku iliyofuata alifika kwa gari kwenye mpaka wa Uholanzi, Eijsden, akakaa saa nyingi stesheni akisubiri serikali ya Malkia Wilhelmina iamue la kumfanya. Tarehe 11, siku ile ile bunduki ziliponyamaza Ulaya, alipokelewa Amerongen katika ngome ya Kabaila Godard Bentinck, na inasimuliwa kwamba jambo la kwanza aliloomba lilikuwa kikombe cha chai nzuri ya Kiingereza. Bentinck alitarajia mgeni wa siku chache. Methali yetu inasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alishika msumeno mwenyewe, akakata miti na kupasua kuni mfululizo, na akakaa mwaka mmoja na nusu.

Ni Amerongen, tarehe 28 Novemba, ndipo alipotia saini. Hati ni fupi na inastahili kusomwa polepole. Anakana milele haki za taji la Prussia, na pamoja nazo haki za taji la Kaisari zinazofungamana nalo. Prussia inatangulia, Ujerumani inafuata, kama katiba ilivyopanga. Kisha anawafungua maofisa na askari wote kutoka kwenye kiapo cha utii. Siku tatu kabla ya kalamu hiyo kugusa karatasi, Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki, alikuwa ameweka silaha chini huko Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala nchini Zambia, pamoja na askari Waafrika zaidi ya 1,100. Watu hao walikuwa porini kwenye Mto Chambeshi habari za mwisho wa vita zilipowafikia, wakiendelea kumtumikia bwana ambaye tayari alikuwa anakunywa chai Uholanzi.

Mkataba wa Versailles, ule wa amani wa mwaka 1919, katika kifungu cha 227, ulitaka ashtakiwe mbele ya mahakama ya kimataifa kwa kukiuka maadili ya mataifa na utakatifu wa mikataba. Waholanzi walikataa kumtoa mwanzoni mwa 1920. Alinunua nyumba Doorn, huko huko Uholanzi, akahamia Mei mwaka huo, na vyombo vyake vikaletwa kutoka makasri ya Ujerumani kwa mabehewa 59 ya treni. Prussia ilimalizana naye kuhusu mali mwaka 1926, baada ya kura ya maoni ya kutaifisha mali za nyumba za kifalme kushindwa: kura za kukubali zilikuwa takriban milioni 14.5, pungufu ya nusu ya wapiga kura wote waliojiandikisha.

Nilipoizuru nyumba ya Doorn, vitu viwili vilinikamata kuliko picha zote za kuta. Cha kwanza ni kiti cha mezani kwake, ambacho kwa kweli ni tandiko la farasi lililofungwa juu ya miguu; alizoea kuandika akiwa amelikalia. Cha pili ni uma wake, ambao ukingo wake mmoja umenolewa kama kisu ili mtu wa mkono mmoja ajikatie nyama bila kusaidiwa. Watumishi walimwita Mtukufu Kaisari hadi mwisho.

Humo ndimo alimozeeka akingoja kuitwa. Auguste Viktoria, mkewe, alifariki Aprili 1921 na kuzikwa Potsdam, mahali ambapo mumewe hakuruhusiwa kufika. Mwaka uliofuata alimwoa Hermine wa Reuss. Göring, mmoja wa vigogo wa Wanazi, alizuru Doorn mara mbili, 1931 na 1932, na matumaini yakapanda. Walakini Hitler hakuhitaji mfalme, na mwaka 1934 vyama vya wapenda ufalme vilipigwa marufuku. Wapo wanaotaka kumsafisha Wilhelm kwa sababu aliwadharau Wanazi, nami sikubaliani nao: barua zake za uhamishoni zimejaa chuki kwa Wayahudi, na Paris ilipoanguka Juni 1940 alimpelekea Hitler telegramu ya pongezi. Wiki chache kabla ya hapo Churchill alikuwa amemwalika kukimbilia Uingereza, naye akakataa.

Alifariki tarehe 4 Juni 1941, akiwa na miaka 82. Hitler alitaka mazishi makubwa Ujerumani, lakini wosia ulisema asirudishwe mpaka ufalme urudi, na pia ulikataza alama ya swastika mazishini. Sharti la kwanza liliheshimiwa, la pili halikuheshimiwa. Jeneza lake liko bustanini Doorn, ndani ya kaburi la matofali, karibu na makaburi ya mbwa wake, na la Auguste Viktoria liko Potsdam.